Dishi la wavu, dishi dogo au antena: ulinganisho kwa anayenunua Mwanza

Shemeji yangu wa Nansio alinipigia simu akiwa amesimama kwenye duka moja pale Makoroboi, na meli ya kurudi Ukerewe ilikuwa imebakiza saa mbili kuondoka. Mbele yake kulikuwa na vitu vitatu: dishi la wavu la futi sita lililofungwa vipande vipande, dishi dogo la bati la sentimita 90 pamoja na king'amuzi chake, na antena ya nje yenye miiba kama mfupa wa sangara. "Shemeji, nichukue lipi?" Nikamwuliza anataka kuangalia nini, na kama jirani yake ana mwembe. Akaguna. "Mimi nakuuliza dishi, wewe unaniuliza miembe."

Sikumlaumu. Muuzaji alikuwa ameshammwagia maneno: bendi ya C, bendi ya Ku, LNB ya midomo miwili, S2, MPEG-4. Mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza huishia kununua boksi lenye picha nzuri. Nimefunga madishi kuanzia Igoma hadi Sengerema kabla mgongo haujanikataza kupanda mapaa, kwa hiyo nitavilinganisha vitu hivi jinsi nilivyovishika mkononi. Pale nilipo na upande wangu nitausema waziwazi.

Antena, maana habari yake ni fupi

Antena hupokea mawimbi kutoka kwenye mnara ulio ardhini. Ni jamaa ya ile ya zamani iliyotuletea picha yenye chenga. Analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Mwanza ikafuata mapema mwaka 2013, na tangu hapo antena inahitaji king'amuzi chake, au runinga iliyokuja na king'amuzi ndani. Ikikaa mahali pake, antena ni kitu cha raha: bei ndogo, mvua haiisumbui, na upepo ukiigeuza unapanda dakika mbili unairudisha.

Tatizo la mji wetu ni mawe. Mawimbi ya mnara husafiri karibu na ardhi, na Mwanza imejengwa juu ya vilima vya majabali. Nyumba mbili za Mabatini zilizoachana hatua hamsini zinaweza kuwa na bahati tofauti kabisa, moja ikiuona mnara, nyingine ikiwa imejificha nyuma ya jiwe. Kipimo changu hakihitaji kifaa. Usiku toka uani, tafuta taa nyekundu za mnara. Ukiziona, nunua antena kwanza na dishi lisubiri. Usipoziona, usimruhusu mtu akuuzie bomba refu zaidi kila wiki kwa ahadi kwamba "futi kumi tena zitatosha". Na aliye kisiwani, mbali na mnara wowote, aende moja kwa moja kwenye dishi.

Dishi la Mwanza hutazama juu

Setilaiti za runinga zimepangwa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, zikizunguka sambamba na dunia kiasi kwamba sisi huku tunaziona kama zimesimama. Kila moja hutajwa kwa nyuzi za longitudo inayokaa juu yake. Fundi akisema "saba mashariki" anataja anwani, kama vile kondakta anavyotaja Buzuruga.

Sasa, Mwanza yenyewe iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na karibu nyuzi 33 mashariki. Ukipiga hesabu, setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, ambako DStv hupokelewa huku kwetu, iko karibu kabisa na utosi: nyuzi 85 hivi kutoka upeo wa macho. Ya nyuzi 7, anwani ya Azam TV, iko upande wa magharibi kwa urefu wa nyuzi 60 hivi. Intelsat 20, ile ya chaneli za bure, iliyo nyuzi 68.5, iko mashariki, kama nyuzi 48 kwenda juu.

Ndiyo maana jabali linaloua antena halimsumbui mwenye dishi. Kinachomsumbua ni mwembe, au ghorofa la jirani lililoinuka upande ule ule wa setilaiti anayoitaka. Mwembe una hila yake pia: unafunga dishi mwezi Julai kukiwa kukavu, halafu majani yanachipua, na ifikapo Desemba unamlaumu fundi. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha madishi, simama pale unapotaka kulifunga. Kwa Azam tazama magharibi, kwa ile ya 68.5 tazama mashariki, kwa DStv inua uso juu kabisa. Ukiona mbingu tupu, uko salama.

Utosi huo una kero zake. Dishi la duara ambalo LNB yake (kichwa kinachopokea mawimbi) iko katikati, likitazamishwa karibu na utosi, linalala kama bakuli. Kama ni la bati, mvua ya kwanza inalijaza maji, na maji yanazuia mawimbi kuliko mti wowote. Mafundi wa hapa hutoboa tundu katikati, nami sioni aibu kulitoboa. Dishi dogo lenye LNB mbele kwa chini lina umbo tofauti: uso wake huonekana umeinama nyuzi 20 hadi 25 kuliko upande linakotazama kweli. Likilengwa utosini linaonekana limeinuka nusunusu tu, na maji yanatiririka. Nimewahi kuitwa Pasiansi na baba mmoja aliyesema fundi amemwibia kwa sababu "dishi linatazama ukuta wa jirani". Lilikuwa limelengwa sawasawa.

Bendi ya C na bendi ya Ku

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bendi ni sehemu ya masafa ambayo setilaiti inatumia kushusha mawimbi. Ile ya C iko karibu na gigahezi 4, kati ya 3.4 na 4.2. Ya Ku iko kati ya 10.7 na 12.75. Tofauti ya namba hizo ina maana moja inayoshikika: urefu wa wimbi. Kwenye gigahezi 4 wimbi lina urefu wa sentimita saba na nusu. Kwenye gigahezi 12 lina sentimita mbili na nusu.

Mvuvi yeyote wa ziwa hili atakuelewesha kilichobaki. Wavu wa sangara unapitisha dagaa, kwa sababu matundu yake ni makubwa kuliko dagaa mwenyewe. Dishi la wavu nalo ni hivyo hivyo. Tundu likiwa dogo sana kuliko wimbi, tuseme chini ya sehemu ya kumi yake, wimbi linaliona kama bati zima na linarudishwa kwenye LNB. Kwa bendi ya C tundu la milimita saba bado linafaa. Kwa Ku milimita saba ni mlango wazi. Inatakiwa isizidi mbili na nusu hivi. Kwa hiyo mtu akikwambia dishi lake la wavu la futi sita "linakamata kila kitu kwa sababu ni kubwa", mwombe akuonyeshe matundu.

Ukubwa wenyewe nao hudanganya. Futi sita ni kama sentimita 180. Gawa kwa wimbi la C, sentimita saba na nusu, unapata 24. Chukua dishi dogo la sentimita 60, gawa kwa wimbi la Ku la sentimita mbili na nusu: 24 tena. Yaani kwa macho ya mawimbi, madishi hayo mawili yanalingana, na yanahitaji ulengaji wa makini ule ule. Lile kubwa ni kubwa kwa sababu wimbi lake ni kubwa. Sentimita 90 kwenye Ku inakupa 36, ndiyo maana kwa Mwanza napendekeza 90 na sipendekezi 60 hata kama muuzaji anaapa kwamba 60 inatosha. Kutosha siku ya jua inatosha.

Tatizo ni mvua. Wimbi fupi la Ku linamezwa na matone mazito. Lile la C linapita karibu bila kujali. Na mvua za huku si za kuchezea. Ziwa hujikusanyia radi usiku, na mara nyingi wingu linatua mjini alfajiri au asubuhi, wakati wa taarifa ya habari ya kwanza. Msimu wa vuli, Oktoba hadi Desemba, na wa masika, Machi hadi Mei, mwenye Ku hukaa akijua kwamba wingu jeusi likija picha itaondoka dakika kumi au ishirini, kisha itarudi yenyewe. Bukoba, ambako mvua ya mwaka ni karibu mara mbili ya yetu, kero hiyo ni kubwa zaidi. Mtu wa Bukoba akiniambia anataka Ku namwambia aongeze ukubwa wa dishi hata kabla hajamaliza sentensi.

Lakini C ina mzigo wake. Inataka uwanja, msingi wa zege, nguzo nene na watu wawili wa kuinua. Kwenye nyumba ya kupanga Nyakato, wapangaji sita wakiwa na uani mmoja wa kuanikia nguo, futi sita ni ugomvi. Ku unaifunga kwenye ukuta kwa boliti nne. Kwa upande mwingine wavu una faida ya upepo, kwani upepo unapita katikati, na kwa aliye kwenye kilele cha Isamilo au kando ya maji visiwani hilo si jambo dogo. Tena unafunguka vipande vipande, unapakiwa melini kama mzigo wa kawaida.

Sasa suala la nini kinapatikana wapi. Huduma za kulipia, zile za vifurushi vya mwezi, huku kwetu ziko Ku. Kwenye C ndiko kwenye chaneli nyingi za bure: za dini, za habari za kimataifa, na za nchi za Afrika. Ukitaka Simba na Yanga kila wiki huna haja ya kuendelea kunisoma: haki za kuonyesha ligi kuu ziko Azam kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021, na jibu lako ni dishi dogo linalotazama magharibi. Ukiwa humudu kulipia kila mwezi, au ukiwa unachukizwa na runinga inayozimika kwa sababu tarehe imefika, futi sita ni gharama ya mara moja. Mimi mwenyewe ni mtu wa C. Watoto wangu si watu wa C, na kwao ukutani kuna dishi dogo.

Onyo moja juu ya neno "bure". Chaneli kuwa bure leo hakumaanishi kesho itakuwa pale pale. Vituo huhama setilaiti, hubadili masafa, au hufungwa kwa kadi. Wanaokumbuka mwaka 2018 wanajua kwamba hata chaneli za ndani ziliwahi kuondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni. Usinunue dishi kwa ajili ya chaneli moja.

Namba za kwenye menyu

Fundi akifungua menyu utaona mstari kama huu: 11000 V 27500. Ni mfano tu, usiende kuusaka.

Ya kwanza ni masafa ya transponda kwa megahezi. Transponda ni kama mtumbwi mmoja ndani ya msafara: setilaiti moja inazo nyingi, na kila moja inabeba chaneli kadhaa pamoja. Ukikosa masafa ya transponda unakosa chaneli zake zote kwa mpigo, na ndiyo maana mara nyingine chaneli nane zinapotea siku moja wakati zingine ziko sawa.

LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, kinashusha masafa hayo ili yapite kwenye waya. Ya C inafanya hivyo kwa kutoa kwenye 5150: masafa 3900 yanakuwa 1250. Ya Ku ya kawaida inatumia 9750 kwa sehemu ya chini: 11000 ukitoa 9750 unabaki na 1250. Umeona? Namba ile ile. King'amuzi hakina namna ya kujua kilichoko juu ya paa. Kinaamini ulichokiandika kwenye menyu. Ukikiwekea aina ya LNB isiyo yake, utazungusha dishi hadi jioni na skrini ibaki nyeusi huku kila kitu juu ya paa kikiwa kizima. Nimelipwa nauli ya kwenda na kurudi Misungwi kwa kubadili kitu hicho kimoja kwa rimoti.

Herufi, V au H, ni mkao wa wimbi: wima au mlalo. King'amuzi huchagua kwa kupeleka umeme kwenye waya, volti 13 kwa wima na 18 kwa mlalo. Na hapa sisi wa ikweta tuna jambo letu ambalo michoro ya kwenye maboksi, iliyochorwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, haiwezi kukuambia. Wima na mlalo wa setilaiti hupimwa kwa mstari wa ikweta. Kwa mtu wa Ulaya anayetazama kusini, mstari huo unaonekana kama upinde uliolala. Kwetu sisi tuliokaa chini yake, setilaiti ikiwa magharibi au mashariki, mstari huo unasimama wima mbele ya dishi. Kwa hiyo LNB lazima ipinduliwe karibu robo duara: kwa nyuzi 7 mashariki, hesabu ya Mwanza inatoa nyuzi 84 hivi. Kwa nyuzi 36 ni kama 50, na ukivuka kwenda Bukoba inafika 72 au zaidi, kwa sababu setilaiti ikiwa karibu na utosi, safari fupi inageuza mengi. Fundi aliyezoea Bukoba akija Mwanza na kuiacha LNB alivyoizoea, atapata nusu ya chaneli na kusema nusu nyingine "zimefungwa".

Zipo pia setilaiti za C ambazo mkao wake ni wa duara, kulia na kushoto. Hizo zinahitaji kibamba cha plastiki ndani ya mdomo wa LNB. Ukikikuta humo usikitupe.

Namba ya mwisho, 27500, ni simboreti, kasi ya data kwenye transponda. Ikiwa kubwa, transponda imebeba chaneli nyingi. Kwenye C utakutana na ndogo, elfu mbili, elfu tatu: kituo kimoja kimekodi kijisehemu chake. Hizo ndogo zinahitaji LNB isiyotangatanga, kwani masafa yakisogea kidogo kwa joto la mchana chaneli inapotea na kurudi jioni.

Nguvu na ubora

Menyu inaonyesha mistari miwili. Wengi hutazama ule wa nguvu kwa sababu ndio hupanda haraka, na fundi mwenye haraka anaupenda. Mstari huo unapima chochote kinachoshuka kwenye waya, kelele (mawimbi matupu yasiyo na data) ikiwemo. Elekeza dishi kwenye mbingu tupu na nguvu inaweza kusoma 80. Ubora ndio unaopima kama kelele na data vinatenganishika. Chagua fundi anayetazama ubora.

Zamani analojia ilikuonyesha ugonjwa wake: chenga zikizidi ulijua antena imesogea. Dijitali hainung'uniki. Picha inakuwa safi kabisa hadi mpakani, halafu inakatika vigae vigae, halafu hamna. Ndiyo maana picha nzuri saa saba mchana kwenye jua haithibitishi kitu. Huenda dishi lako liko hatua moja kutoka kwenye ukingo, na mvua ya kwanza italisukuma.

Kabla ya kumlipa fundi, mwombe afungue ukurasa wa ubora, kisha aguse ukingo wa dishi kwa kidole: asukume kidogo juu, chini, kushoto, kulia. Ubora ukipanda upande wowote, dishi halijafika na boliti zilegezwe tena. Ukishuka pande zote, alipwe. Asilimia yenyewe usiilinganishe na ya jirani, maana kila aina ya king'amuzi inapiga hesabu yake.

Na kama picha inapotea jua likiwa kali, bila wingu, karibu na tarehe 20 Machi au 23 Septemba, tena kwa dakika chache saa ile ile siku kadhaa mfululizo, usimwite mtu. Jua limepita nyuma ya setilaiti na linapiga kelele moja kwa moja ndani ya dishi. Kwa nyuzi 36 hutokea kama saa sita na dakika arobaini mchana. Kwa nyuzi 7, saa tisa kasoro.

King'amuzi: S au S2, kadi au bila kadi

DVB-S, ile S ya kwenye boksi, ni kiwango cha kurusha runinga kwa setilaiti cha miaka ya 1990. DVB-S2 ilikuja 2005 na inapitisha data zaidi kwa kama asilimia 30 kwenye transponda ile ile, kwa hiyo vituo vimehamia huko. King'amuzi cha S2 kinasoma na S. Cha S hakisomi S2, kinapita juu yake kama haipo. Neno jingine ni jinsi picha ilivyobanwa. MPEG-4 hutumia karibu nusu ya data ya MPEG-2, na kuna HEVC, ya 2013, inayobana zaidi. King'amuzi kisichojua MPEG-4 hufanya kituko: sauti inakuja, picha nyeusi.

Kituko hicho kilinikuta mwenyewe. Nilimnunulia mama mmoja wa Nyamanoro king'amuzi cha bei poa kwenye duka ambalo sitalitaja, boksi limeandikwa HD kwa herufi za dhahabu. Nikafunga, ubora safi, na mama akabaki kusikiliza runinga kama redio. HD ile ilikuwa tundu la waya tu kwa nyuma. Tangu siku hiyo nasoma upande wa boksi wenye maandishi madogo: lazima kuwe na S2 na MPEG-4, au H.264 ambayo ni jina jingine la kitu kile kile. Kama hakuna, hata kiuzwe bei ya sahani ya dagaa, kiache.

Cha kulipia huchagui: kampuni ina king'amuzi chake na kadi yake, na ukihama kampuni unabaki na kasha. Cha bure unaweza kukipeleka setilaiti yoyote. Visiwani wanakotumia sola ningetazama kitu kimoja zaidi: kama kinakubali volti 12 moja kwa moja. Kupitisha umeme wa betri kwenye inveta ili king'amuzi kiushushe tena ni kumwaga maji kwenye ndoo inayovuja.

LNB ya mdomo mmoja, miwili

Kwa ufupi: ving'amuzi viwili vinataka LNB ya midomo miwili, yaani matundu mawili ya kuchomeka waya, na nyaya mbili. Kigawanyishi cha bei rahisi cha waya mmoja kinaleta ugomvi. Kumbuka zile volti 13 na 18. Mpangaji wa chumba cha kwanza akiweka chaneli ya mlalo, volti 18 zinashinda, na wa chumba cha pili aliyekuwa kwenye ya wima anaona skrini nyeusi. Nimesuluhisha ugomvi wa namna hii Igogo, ambapo jirani alishukiwa kukata waya kila ifikapo saa mbili usiku.

Maandishi ya "0.1 dB" kwenye LNB za Ku, yaani madai kwamba kelele yake ni ndogo, usiyahesabu, karibu kila boksi yanayo. Hesabu unene wa waya na ukaribu wa dishi. Waya wa RG6, ule wa kawaida wa dishi, ukipita mita 30 au 40 huanza kula mawimbi, na maji yakiingia kwenye kiungio hula zaidi. Uachwe ukining'inia kidogo kabla ya kuingia ndani ili maji yadondokee nje.

Shemeji alinijibu mwishowe: uani ana nafasi, mashariki kwake ni maji na mbingu, umeme wake ni wa sola, na mama mkwe hataki mechi, anataka ibada na taarifa ya habari. Akapakia wavu wa futi sita melini, na king'amuzi cha S2 cha volti 12.

Baada ya wiki mbili alipiga tena, yuko uani, upepo wa ziwa unavuma kwenye simu. "Shemeji, nguvu ni 90, lakini chaneli zinakuja chache tu."

"LNB umeiwekaje?"

"Kama ilivyo kwenye picha ya boksi."

"Izungushe robo duara. Taratibu."

Nikasikia akimpigia mtu kelele aliye ndani asome namba. Sauti ya mama mkwe ikasoma: thelathini, arobaini na tano, sabini na moja. Kisha kwaya ikaanza kuimba.

"Kaza hapo hapo," nikamwambia. "Usiguse tena."